Mdomo wa Bobi unanuka: mswaki, mfupa au daktari?

Swali: "Shikamoo daktari. Niko Tanga, nina mbwa anaitwa Bobi, chotara wa Maltese, ana miaka 6 na kilo 5. Ni miezi sasa mdomo wake unanuka mpaka wageni wanahama kiti. Meno ya nyuma yamekuwa ya kahawia, na wiki hizi naona anatafunia upande mmoja, mate yanamdondoka kidogo. Kijana wa saluni ya mbwa ameniambia atamkwangua meno kwa dakika 20 bila sindano ya usingizi. Jirani anasema nimpe mfupa tu, mbona mbwa koko hawapigi mswaki na meno yao meupe? Mume wangu anacheka. Je, naweza kumpiga mswaki kwa dawa yetu ya meno? Dada anayenisaidia nyumbani ni Mwislamu, hataki kugusa mate ya mbwa, kwa hiyo sijui kazi hiyo nimpe nani."

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza mengi kwa mara moja, nami nitayajibu kwa mpangilio wangu, maana lipo moja ambalo hukuliuliza na ndilo la kwanza: Bobi alichanjwa lini chanjo ya kichaa cha mbwa?

Usishtuke. Mbwa anayenuka mdomo kwa miezi, huku anakula na kukulaki mlangoni kama kawaida, karibu kila mara ana ugonjwa wa fizi. Lakini kwetu huku mbwa anayedondosha mate hatuanzi kwa kumtia vidole mdomoni. Virusi vya kichaa viko kwenye mate, na sura mojawapo ya ugonjwa huo hutudanganya hata sisi tuliousomea: taya la chini limelegea, mate yanachuruzika, kumeza hawezi, na mwenye mbwa anasema "amekwamwa na mfupa." Watu wameingiza mikono kutafuta mfupa ambao haupo. Kwa hiyo tafuta kadi ya chanjo kwanza. Kama chanjo imepita mwaka, au mate yameanza ghafla siku mbili tatu hizi, sauti imebadilika, tabia imegeuka, usimguse mdomo. Mfungie mahali peke yake na mpigie daktari wa mifugo wa wilaya. Na kama mate yalishaingia kwenye mchubuko wa mtu yeyote nyumbani, paoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Kama kadi iko sawa na Bobi ni Bobi yule yule, tuendelee.

Jioni akiwa ametulia, mpakate karibu na dirisha au taa. Usimfungue mdomo. Watu wengi huanzia hapo na ndipo wanapong'atwa. Acha meno yaumane, wewe inua tu mdomo wa juu kwa kidole gumba, uuvute taratibu kuelekea sikioni. Utaona chonge, halafu vijino vidogo vilivyopangana, halafu jino moja kubwa lenye kilele kirefu na mgongo nyuma yake. Hilo ndilo jino la kukatia nyama, na lina mizizi mitatu. Mfereji mkubwa wa mate unafungukia shavuni mkabala na jino hilo, ndiyo maana uchafu hugandia hapo kabla ya kwingine. Nina hakika kahawia uliyoiona imeanzia hapo.

Sasa usilitazame jino, tazama pale jino linapokutana na fizi. Fizi nzima ni ya pinki, imelibana jino, ukingo wake mwembamba. (Mabaka meusi ya kuzaliwa ni rangi yake tu, mbwa wengi wanayo.) Fizi iliyougua ina mstari mwekundu kandokando ya jino, ukingo umetutumka, ukiugusa kwa pamba unatoa damu. Ikiwa imerudi nyuma mpaka shina la jino linaonekana, au kuna usaha, au kijino kinacheza ukikigusa, tumeshapita hatua ya mswaki. Ukiwa hapo hapo, bonyeza fizi kwa kidole uiachie. Weupe unatakiwa uondoke ndani ya sekunde mbili. Kama fizi zote zimepauka, hilo si la meno hata kidogo, na katika ukanda wa pwani kitu cha kwanza ninachokifikiria ni homa ya kupe.

Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi yetu. Bobi ni chotara wa mbwa aliyefinyangwa na binadamu mpaka akawa wa kupakatwa, ila meno hayakupungua idadi, wala hayakunywea kwa kadiri taya lilivyonywea. Yamesongamana, mengine yamekaa upande, na kila penye msongamano ukoga unapata pa kujificha. Ndiyo maana mbwa wa kilo 5 anaugua fizi mapema na vibaya kuliko mbwa wa kilo 30. Yorkshire, poodle, Chihuahua, dachshund, Maltese, wote wako kapu moja.

Ukoga wenyewe unaujua, maana nawe unao asubuhi: utando laini unaoteleza ukipitisha ulimi. Ni vijidudu vilivyojishikiza kwenye jino pamoja na gundi wanayoitengeneza wenyewe, na hurudi saa chache tu baada ya jino kusafishwa. Ukiachwa siku mbili tatu, madini ya kwenye mate huanza kuugandisha kuwa jiwe. Mate ya mbwa hayana uchachu kama yetu, na hili lina pande mbili: meno yake hutoboka kwa nadra sana, lakini jiwe hujengeka haraka. Kwetu watu wanakesha na jino lililotoboka. Mbwa shida yake ni fizi.

Hilo jiwe la kahawia, pamoja na ubaya wake wa sura, si adui mkubwa. Kazi yake ni kuwa na ngozi ya kukwaruza ambayo ukoga mpya unashikilia vizuri. Adui ni wale vijidudu wanaoteremka chini ya ukingo wa fizi, mahali pasipo na hewa. Huko wanatoa gesi za salfa, na hiyo ndiyo harufu ya yai viza inayowahamisha wageni wako. Mwili unapopigana nao, vita inakula nyuzi zinazolishika jino, kisha inakula mfupa wenyewe. Uvimbe wa fizi peke yake unarudi ukisafishwa. Mfupa ulioliwa haurudi. Kwenye taya la chini la mbwa mdogo mizizi ya gego kubwa inakaribia kufika ukingo wa chini wa mfupa, na nimewahi kupokea mbwa aliyevunjika taya kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi, kwa sababu mfupa ulikuwa umebaki kama ganda la yai.

Hapa ndipo ninapofika kwa kijana wako wa saluni.

Mama mmoja aliniletea Yorkshire wa miaka 8. Meno yalikuwa yanang'aa. Alikuwa anampeleka mahali kukwanguliwa kila baada ya miezi mitatu, bila usingizi, mbwa amefungwa kwenye taulo na kushikwa na watu wawili. Hakumleta kwa sababu ya meno. Alimleta kwa sababu anapiga chafya, na pua ya kushoto inatoa kamasi yenye damu. Nilipomlaza kwa nusukaputi nikachukua kijiti chetu cha chuma, chembamba, chenye alama za milimita, tunachokipitisha taratibu kati ya jino na fizi kupima kina. Kwa mbwa wa ukubwa ule kikizama milimita moja au mbili ni sawa. Nyuma ya chonge la juu la kushoto, upande wa ndani unaotazama kaakaa, kilizama 8. Nikaingiza maji safi kwa sirinji kwenye lile tundu, yakatokea puani. Chonge lilikuwa jeupe kama la tangazo, na nyuma yake palikuwa na mlango kati ya mdomo na pua. Meno 11 yalitoka siku ile, mengine sikuhitaji koleo, vidole vilitosha.

Sikusimulii haya kumchafulia mtu kazi. Vijana hawa wengi wanawapenda wanyama na wanajua kuosha na kunyoa kuliko mimi. Lakini kinachokwanguliwa mbwa akiwa macho ni kile kinachoonekana. Chini ya fizi hakuna mbwa atakayekubali kuguswa na chuma chenye ncha, na hana kosa. Upande wa ndani wa meno haufikiki. Chuma kinaacha mikwaruzo kwenye jino, na mikwaruzo hiyo ndiyo makao ya ukoga wa wiki ijayo. Baya zaidi ni kwamba meno yanakuwa meupe, mwenye mbwa anaridhika, na ugonjwa unapata miaka miwili mitatu ya kufanya kazi yake bila kusumbuliwa. WSAVA, muungano wa dunia wa vyama vya madaktari wa wanyama wadogo, unaupinga utaratibu huo katika mwongozo wake wa meno. Mimi nauona ni kupaka rangi ukuta unaoliwa na mchwa. Mshukuru kijana, mpe kazi ya kumnyoa.

Bobi anahitaji kusafishwa kwa nusukaputi. Kwa ulivyonieleza (harufu ya miezi, kutafunia upande mmoja, mate) sioni njia nyingine, na mswaki ukiuanza leo juu ya fizi inayouma utamfundisha kitu kimoja tu, kwamba mswaki ni adui.

Najua unachokiogopa, maana kila mtu anakiogopa: asipoamka je? Miaka 6 si uzee, na umri peke yake si ugonjwa. Hatari ipo lakini inapunguzwa kwa kazi inayofanyika kabla na wakati wa usingizi, na wewe una haki ya kuuliza kuhusu kazi hiyo. Uliza damu itapimwa lini. Huku kwetu mimi silazi mbwa kung'oa meno bila kutazama damu, kwa sababu homa ya kupe inaweza kukaa kimya kwa miezi huku imezipunguza chembe zinazogandisha damu, na hilo utaligundua vibaya, jino likiwa limeshatoka. Figo na ini vitazamwe pia. Uliza kama atawekewa bomba la pumzi kooni. Mashine ya kusafishia meno inatetema na kumwaga maji muda wote, maji yale yamejaa vijidudu, na bila bomba lenye puto la kuziba njia yanaweza kuteremka mapafuni. Daktari akikuambia "tutampiga sindano kidogo tu, hahitaji bomba," tafuta daktari mwingine. Uliza nani atakuwa anahesabu pumzi na mapigo wakati daktari ameinamia meno, maana mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili. Uliza kama wana eksirei ya meno. Kliniki nyingi hapa nchini hazina, na si sababu ya kukataa, ila ni vizuri ujue kwamba mizizi itakisiwa kwa kijiti na vidole. Mwisho uliza kama wanang'arisha meno baada ya kukwangua, kwa sababu jino lililokwanguliwa bila kulainishwa hushika uchafu upesi.

Kama Tanga hutapata mtu wa kukuridhisha, hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro ni mahali pa kuuliza. Popote utakapokwenda, hakikisha anayeshika koleo ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, si muuza duka la dawa za mifugo mwenye mkono mwepesi.

Na huyo wa duka la dawa atakuambia jambo jingine: "Mpige OTC, harufu itakata." Hakudanganyi. Ukimpa dawa ya kuua vijidudu kama hiyo OTC (oxytetracycline), harufu inapungua kwa wiki moja au mbili, kisha inarudi, kwa sababu jiwe na ukoga viko pale pale na shimo liko pale pale. Nimepokea mbwa waliokwisha kupigwa kozi nne tano za namna hiyo. Na kwa wenye watoto wa mbwa: OTC ikipigwa kwa mama mwenye mimba au kwa mtoto ambaye meno ya ukubwani bado yanajengeka, meno yatatoka na rangi ya njano ambayo hakuna mswaki utakaoitoa maisha yake yote.

Meno yatakayong'olewa usiyalilie. Mbwa anaficha maumivu ya mdomo kwa ustadi wa ajabu, anakula akiumia, kwa kuwa kwake kutokula ndiko kufa. Wenye mbwa huniambia "lakini anakula vizuri, daktari," halafu wiki mbili baada ya kung'oa mbwa meno manane wananipigia kuniambia amerudia kucheza kama mtoto. Kidonda cha fizi kinafunga kwa muda kama huo, wiki mbili hivi. Mpe ugali mlaini uliorojorojwa kwa supu isiyo na chumvi wala kitunguu. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, kinaharibu damu ya mbwa, na mabaki ya mchuzi wetu yamejaa kitunguu.

Sasa jirani yako na mfupa wake. Simpuuzi. Kutafuna kitu kinachokinza jino kweli kunapunguza ukoga kwenye sehemu ya juu ya jino. Shida ni kitu gani. Fundo la ng'ombe kutoka buchani, kwato, pembe, vyote ni vigumu kuliko jino, na jino linalovunjika mara nyingi ni lile lile kubwa la kukatia nyama. Linabanduka kipande upande wa shavuni kama gamba la mwamba. Mwenye mbwa haoni kitu. Miezi baadaye anaona uvimbe chini ya jicho, anadhani mbwa kaumwa na nyuki, kumbe ni jipu la mzizi. Mfupa uliopikwa una balaa lake pia: unapasuka vipande vyenye ncha, na mara nyingine kipande kinabana kwenye kaakaa kati ya magego ya kulia na ya kushoto, mbwa anajikuna mdomo kwa mikono mchana kutwa. Kipimo changu ni ukucha. Kibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba, kama hauachi alama, hakifai kwa meno ya mbwa. Vitafunio vya meno vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbwa vinasaidia kiasi. Ukivipata madukani tafuta alama ya VOHC, baraza la Marekani linalokagua kama vinafanya kweli kile vinachodai, na uvihesabu kama chakula, maana kwa mbwa wa kilo 5 vitafunio viwili ni sahani nzima.

Kuhusu mbwa koko: wengi wao hawafikishi umri wa Bobi. Gari, njaa, kichaa, sumu, vinawaondoa kabla fizi hazijapata nafasi. Unaowaona barabarani ni vijana, na kijana ana meno meupe. Halafu mbwa wetu wa kienyeji ana taya refu lenye nafasi, halijafinywa na mtu. Siku jirani atakapokuonyesha mbwa koko wa miaka 10, muinueni mdomo pamoja, ila baada ya kuuliza habari za chanjo.

Dawa yenu ya meno, hapana. Sisi tunasukutua na kutema, mbwa anameza yote. Floraidi na povu vinamchafua tumbo, na baadhi ya dawa, hasa zinazojitangaza hazina sukari, zina kitu kinachoandikwa kwenye pakiti xylitol au E967. Kwa mtu hakina neno. Kwa mbwa kinashusha sukari ya damu ndani ya muda mfupi, anayumba, anapata degedege, na kikizidi kinaua ini. Bazoka zisizo na sukari nazo zimo humo, kwa hiyo angalia mkoba wako. Ndimu hapana, inakula jino. Majivu na mkaa uliotwangwa hapana, vinakwaruza. Magadi na chumvi hapana, atameza chumvi kila siku. Dawa ya meno ya mbwa yenye ladha ya kuku ipo kwenye maduka ya wanyama ya mijini, na inasaidia hasa kwa sababu mbwa anaipenda. Usipoipata, maji matupu yanatosha. Kinachotoa ukoga ni nywele za mswaki kusugua.

Nenda kanunue mswaki wa mtoto mchanga, laini kuliko yote dukani. Anza wiki mbili baada ya kusafishwa, au daktari atakapokuruhusu, na usiwe na haraka. Mbwa wangu mwenyewe, jibwa la kienyeji lisilopenda kuguswa pua, nilimfundisha kwa supu ya dagaa. Nilichemsha dagaa wachache bila chumvi, nikachuja, nikaweka ile supu kwenye friji. Siku za mwanzo nilichovya kidole tu akalamba, basi, mchezo umekwisha. Zilipopita siku nne tano kidole kilianza kuingia kati ya shavu na meno, kikagusa chonge, kikatoka. Halafu nikafunga kitambaa laini kidoleni. Halafu mswaki, lakini kwa siku kadhaa aliulamba tu kama kijiko. Kusugua kwenyewe kulikuja wiki ya nne. Siku moja nilikuwa na haraka nikamshika kichwa kwa nguvu, nikarudishwa nyuma wiki nzima. Ukiona anageuza uso, analamba pua mfululizo, au mwili umekakamaa, hapo ndipo pa kuishia kwa siku hiyo, tena uishie kabla hajakuomba kwa meno.

Ukifika kwenye kusugua, mdomo ubaki umefungwa. Inua mdomo wa juu kama nilivyokueleza, laza mswaki kwa mshazari ili nusu ya nywele ziguse jino na nusu ziguse ukingo wa fizi, zungusha vizungusho vidogo. Anzia lile jino kubwa la juu na majirani zake, kwa sababu mbwa akikuchoka baada ya sekunde kumi uwe umeshapata penye faida. Upande wa nje tu, sekunde thelathini kulia na thelathini kushoto. Upande wa ndani ulimi wake unajisafishia kwa kiasi kikubwa. Damu kidogo siku za mwanzo si ajabu, ikiendelea baada ya wiki mbili rudi kwa daktari. Na iwe kila siku. Nilikwambia ukoga unaanza kuwa jiwe baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo mswaki wa Jumapili kwa Jumapili unasugua jiwe, na jiwe halisikii mswaki. Ifungamanishe na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku, mathalani kabla ya chakula chake cha jioni, ili chakula kiwe ndio zawadi.

Chakula chenyewe nakipita haraka. Watu wanaamini ugali ndio unaoharibu meno na chakula kikavu cha dukani ndicho kinachosafisha. Punje za kawaida za dukani mbwa anazivunja kwa ncha ya jino au anazimeza nzima, hazifiki kwenye fizi. Kama Bobi anakula ugali na dagaa, mwongezee kwa sababu nyingine za lishe ukitaka, si kwa tumaini la meno.

Dada wa nyumbani usimpe kazi hii. Ana haki na dini yake, na zaidi ya hapo, mbwa huruhusu mdomo wake uguswe na mtu anayemwamini, na mtu huyo ni wewe. Mswaki wa Bobi, kitambaa chake na kibakuli cha supu viwe na mahali pao mbali na jikoni, wewe mwenyewe uvioshe, asikutane navyo kwenye sinki. Waislamu kadhaa wenye mbwa wa ulinzi wamewahi kuniuliza, nikawaambia wavae glavu za mpira, na hata glavu ikiwa kikwazo, mlinzi anayemlisha mbwa anaweza kufundishwa kwa wiki nne zile zile.

Mumeo anayecheka mpe kazi. Siku ya kliniki awe yeye wa kuhakikisha Bobi hali chochote tangu usiku uliotangulia, maana hapo ndipo familia nyingi zinapoharibu: mmoja anakataza, mwingine anamrushia kipande cha mkate kwa huruma. Na mwombe daktari akuandikie jino gani limetoka na yapi yamebaki na mashimo ya milimita ngapi, karatasi hiyo uitunze pamoja na kadi ya chanjo. Baada ya miezi sita mrudishe apimwe yale yale.

Kabla ya hapo kipimo chako ni pua. Wiki tatu baada ya kusafishwa, asubuhi kabla hajala, msogelee akiwa anapiga miayo. Mdomo wa mbwa mzima unanuka mbwa, na dagaa wa jana. Ikirudi ile ya yai viza, usingoje miezi sita.